Masira Yamekwenda Wapi?

Anayepika bia nyumbani na kutaka ing'ae ana njia mbili: kungoja au kutia kitu. Akingoja wiki kadhaa mahali pa baridi, hamira iliyomaliza kazi yake itazama polepole hadi chini ya chombo. Akiwa na haraka, atatia dawa ya kuituamisha. Iliyo maarufu kwa karne nyingi ni bondo la samaki, lililokaushwa kisha likalainishwa katika asidi hafifu. Kolajeni iliyomo ndani ya bondo hubeba chaji chanya, na chembe za hamira hubeba chaji hasi. Zikikutana hushikana, huwa mafungu mazito, na mafungu hayo huanguka. Siku moja au mbili baadaye, kinywaji kilichokuwa kimetibuka kinaruhusu maandishi kusomeka ng'ambo ya glasi. Wengine hutumia jelatini, wengine udongo wa bentonaiti, wengine karajinani ya mwani, zao la jamii ile ile inayolimwa na wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Vifaa hutofautiana, lakini kanuni ni moja: ili kuondoa kitu, ongeza kitu kingine, vyote viwili vishuke pamoja.

Kanuni hii ya jikoni imebeba swali zito la dini. Tunapoomba tutakaswe, aghalabu tunauwaza usafi kama utupu: kinachostahili kuwapo kibaki peke yake, kisichostahili kitoweke. Bondo la samaki linatufundisha vingine. Kinywaji kinachong'aa si kinywaji kisichoguswa. Ndicho kilichoguswa zaidi. Na kilichokuwa kikikitibua hakikutoweka, kimehama tu, kipo chini ya chombo, na mtu atakiosha chombo hicho na kukimwaga mahali. Naamini kwamba hakuna utakaso usioacha masira, yaani mashapo ya chini, na kwa hiyo kila anayedai kutakasa, awe mpika pombe, kasisi au mhandisi wa mgodi, ana maswali mawili ya kujibu: umetia nini, na masira yamekwenda wapi. Sheria za dini zimelishughulikia swali la kwanza kwa uhodari mkubwa. La pili zimeligusa kwa nadra, na Kolwezi, mji wa migodi ya shaba na kobalti katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali ambapo swali hilo haliwezi kuachwa.

Tuanze na jicho, kwa sababu ndilo hakimu tunayemwamini. Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu 2015, una vinywaji vya kutosha kuonyesha jinsi jicho linavyogawa heshima. Ngazi ya chini hupewa munkoyo: uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa mizizi iliyopondwa, ukaachwa uchachuke siku moja au mbili. Ni mweupe, mzito, haupitishi mwanga, na hata watoto huunywa. Ngazi ya juu hupewa bia ya chupa, Simba inayotoka Lubumbashi, yenye rangi ya dhahabu na isiyo na hata chembe inayoelea. Lakini kama uangavu ndio kipimo, mshindi wa Kolwezi si bia. Ni lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo inayokenekwa kwa mvuke, angavu kama maji ya chemchemi. Methanoli ikiwamo ndani yake, haina rangi. Jicho litaipitisha bila kuuliza, na mnywaji anaweza kupofuka. Munkoyo, unaodharauliwa kwa weupe wake mzito, umebaki na mahindi yake na chachu yake, pamoja na vitamini za kundi B ambazo bia iliyochujwa imepoteza sehemu yake pale hamira ilipoondolewa. Kwa hiyo katika mji mmoja tu, mpangilio wa jicho na mpangilio wa afya inaweza kuwa kinyume kabisa.

Nisieleweke kwamba natetea cha kienyeji dhidi ya cha kiwandani, kana kwamba cha kienyeji hakikutiwa kitu. Mizizi ya munkoyo ni dawa ya aina yake: ina vimeng'enya vinavyovunja wanga wa mahindi kuwa sukari, na uji uliokuwa mzito hulegea na kuwa wa kunyweka. Kisha mizizi huchujwa na kutupwa. Kwa maana hiyo, munkoyo na bia iliyong'arishwa kwa bondo ni ndugu: vyote vilipitiwa na kitu ambacho hakimo tena ndani yake. Tofauti iko kwingine. Kinywaji hiki cha Katanga, jimbo la zamani lililohusisha Kolwezi, kimepewa jina la mzizi uliokitengeneza, hata anayeagiza kikombe tayari amekitaja kilichotiwa. Anayekunywa bia iliyong'arishwa kwa bondo anaweza kufika uzeeni bila kujua kwamba samaki alihusika.

Je, kujua huko kuna maana yoyote, ikiwa kitu chenyewe kimeshatoka? Katika karne ya 18 swali hili lilimfikia Yechezkel Landau, rabi mkuu wa Prague. Watu waling'arisha vinywaji kwa bondo la samaki ambaye sheria ya Kiyahudi haimruhusu kuliwa. Landau aliruhusu. Hoja zake ni za mtu aliyekiangalia kitu chenyewe kwa makini: bondo lilikuwa limekauka kama kipande cha mti, halikutiwa ili litoe ladha, kazi yake ilikuwa kukamata uchafu na kushuka nao, na kilichoweza kubaki kilimezwa na wingi wa kinywaji. Nia ya mtiaji na mwisho wa kitu vilitosha kulifuta suala. Sheria ya bia ya Ujerumani, iliyojengwa juu ya amri ya Bavaria ya 1516, imefika karibu na hapo kwa njia yake: dawa ya kung'arisha inaruhusiwa mradi itolewe, isipokuwa mabaki yasiyo na madhara ambayo ufundi hauwezi kuyaepuka. Katika mantiki hii, kilichoingia kikatoka hakihesabiwi.

Wanazuoni wa Kishafi, wanaofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, walitoa hukumu nyingine katika suala linalofanana. Nawawi, aliyefariki 1277, anaeleza katika kitabu chake, Minhaj, kwamba mvinyo ukigeuka siki wenyewe umetoharika, lakini ukigeuzwa kwa kutupiwa kitu ndani yake haukutoharika. Wahanafi wana maoni tofauti, na mjadala wao ni wa kuheshimiwa. Kinachonivutia ni sababu wanayoitoa Washafi: kile kitu kilichotupwa kilinajisika pale pale kilipougusa mvinyo, na mvinyo unapokuwa siki, chenyewe kimo bado, kinainajisi tena siki iliyokwisha kutoharika. Hapa kuna utambuzi ambao sijauona umesemwa wazi zaidi mahali pengine, kwamba chombo cha utakaso nacho huchafuka kwa kazi yake. Bondo lililoikamata hamira si bondo tena, ni sehemu ya masira. Landau alifuatilia kikombe, nacho kikawa salama. Washafi walifuatilia kile kitu kilichofanya kazi, wakaona hakiwezi kusahauliwa. Makanisa nayo yameuliza swali hili hili la kilichomo: kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya asili, ya mzabibu, isiyoharibika; na Wakimbangu wa Kongo, ambao pombe kwao imekatazwa, walipofanya ushirika wao wa kwanza mwaka 1971 walitumia asali iliyochanganywa na maji.

Kuna pingamizi ambalo mpika pombe yeyote mzoefu atalitoa. Jicho, atasema, si hakimu mjinga. Bia iliyovamiwa na bakteria wabaya hutibuka; maji ya mto yaliyotibuka baada ya mvua huleta kuhara; mama anayeyaacha maji yatuame kabla ya kuyachemsha anafanya jambo la hekima. Kwa maelfu ya miaka uangavu umekuwa dalili ya kweli, na dini zilipoufanya mfano wa moyo safi hazikukosea. Nakubali yote haya. Lakini dalili hutumika kama dalili pale tu ambapo hakuna aliyeishika mkono. Kivuli kinaonyesha saa kwa sababu hakuna anayeweza kukisogeza. Siku mtu atakapopata uwezo wa kukisogeza bila kusogeza jua, kivuli kitaacha kutufaa. Dawa ya kung'arisha ndiyo uwezo huo. Hukipa kinywaji uso wa afya bila kupitia afya yenyewe, na aliyezoea kuusadiki uso huo hana tena njia ya kujikinga.

Jambo hili limekwisha kuua watu, na madini yaliyohusika ni yale yale yanayochimbwa Kolwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wa bia wa Amerika Kaskazini na Ulaya walikuwa na tatizo la sura: sabuni mpya za kuoshea glasi ziliacha mabaki yaliyoua povu, na bia isiyo na povu ilionekana imechacha. Ufumbuzi ulikuwa kutia chumvi ya kobalti, kiasi kidogo sana, na povu likasimama. Mwaka 1965 na 1966, mjini Quebec, wanaume wapatao 50, wengi wao wanywaji wakubwa wa bia, waliugua ugonjwa wa misuli ya moyo ambao madaktari hawakuwa wameuzoea. Takriban 20 walikufa. Wagonjwa wa namna hiyo walionekana pia Omaha na Minneapolis nchini Marekani, na Leuven nchini Ubelgiji. Chumvi ya kobalti iliachwa, na wagonjwa wapya wakakoma. Kobalti peke yake haikutosha kueleza yote, kwa maana dozi za dawa zilizokuwa zikitolewa hospitalini kwa wenye upungufu wa damu zilikuwa kubwa kuliko hizo. Iliua pale ilipokutana na pombe nyingi na lishe duni. Miaka hiyo Katanga ndiyo iliyokuwa ikiipatia dunia sehemu kubwa ya kobalti yake, na kiwanda cha Luilu, nje kidogo ya Kolwezi, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1960 kusafisha shaba na kobalti. Povu si uangavu, najua, na chumvi hiyo haikushuka chini kama bondo, ilibaki ndani. Lakini mantiki ilikuwa moja: kitu kilitiwa kwa ajili ya jicho, mnywaji hakuambiwa, na kilichoonekana kizuri kilihesabiwa kuwa chema. Landau angekataa bia hiyo kwa hoja zake mwenyewe, kwa kuwa kilichotiwa hakikutoka.

Sasa tufike kwenye swali la pili, ambalo Prague na Bavaria hazikulazimika kuliuliza kwa sababu masira ya pipa moja humwagwa shambani na ardhi ikayala. Viwanda vya shaba vya Lualaba vinafanya kazi ya mpika bia kwa kipimo cha milima. Mawe husagwa, hutiwa asidi ya salfuriki, na shaba na kobalti huyeyuka pamoja na tope. Mchanganyiko huo hupelekwa kwenye matangi mapana ya kutuamisha, na humo hutiwa dawa, molekuli ndefu zinazokamata chembe za tope na kuzifunga mafungu mafungu ili zizame. Juu hubaki kimiminika angavu cha buluu, kizuri kukitazama, na hicho ndicho kinachoendelea hadi umeme ukigeuze kuwa mabamba ya shaba safi. Anayesema kwamba nalinganisha bia na mgodi kwa ufundi wa maneno tu, na aitazame kemia: chembe zinazokataa kutua, dawa ya kuzishikanisha, uzito unaozishusha. Ni tendo lile lile. Tofauti ni kwamba tani moja ya shaba huacha nyuma yake tani nyingi za tope, na tope hilo haliliwi na shamba.

Masalia ya mtambo wa zamani wa kuchambua madini wa Kolwezi yalimwagwa kwa miongo Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi, hadi yakapita tani milioni 100. Yaliitwa takataka. Leo kampuni ya Metalkol inayachimba upya, tangu 2018, kwa sababu ndani yake mna shaba na kobalti ambazo ufundi wa zamani ulishindwa kuzitoa. Sina mfano ulio bora kuliko huu wa kosa la wanaoamini kwamba kilichozama kimekwisha. Nusu karne baadaye masira yalikuwa hapo, na thamani yake na sumu yake. Na si mitambo mikubwa pekee. Kasulo, Kolwezi, ulikuwa mtaa wa watu hadi 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba. Wachimbaji wadogo wanaoitwa creuseurs walichimba mashimo ndani ya viwanja na vyumba vya kulala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu, wakishirikiana na wenzao wa Leuven, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya vipimo vya wakazi: kobalti katika mkojo na damu yao ilizidi mno ile ya watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Leuven, mji ule ule uliowahi kuona mioyo ikiharibiwa na bia yenye kobalti. Kobalti iliyosafishwa huenda kwenye betri za magari yanayosifiwa kuwa safi kwa kuwa hayatoi moshi. Ni kweli hayatoi moshi. Lakini tumekwisha kuona kwamba uangavu wa kikombe hauna maana mpaka tuulize kilicho chini ya chombo.

Wapo watakaosema mjadala huu hauwahusu, kwa kuwa kwao pombe ni dhambi na basi. Waislamu wa Kolwezi, Wakimbangu na waumini wa makanisa mengi ya uamsho watakuwa na haki ya kutogusa kikombe. Lakini juisi ya tofaa ya dukani nayo inaweza kuwa imeng'arishwa kwa jelatini, maji ya bomba yametuamishwa kwa shabu, na swali la masira linamhusu kila anayetumia kitu kilichosafishwa na wengine. Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa wanaopenda mantiki: ikiwa kila utakaso huacha masira, basi hakuna kilicho safi, na nimeifanya toba yenyewe kuwa bure. Hapa namkumbuka Placide Tempels, Mfransisko aliyeandika kitabu cha falsafa ya Kibantu mwaka 1945, na ambaye kuanzia 1953, katika makazi ya wafanyakazi wa mgodi ya Musonoi, aliona vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa likizaliwa. Alifundisha kwamba kuwa ni nguvu, na nguvu hazikai peke yake. Kila kilichopo kinakiongezea au kukipunguzia kingine uzima. Mwanafalsafa Paulin Hountondji alikuwa na haki ya kukataa kwamba Wabantu wote wawekewe falsafa moja mdomoni na padri wa Kibelgiji. Tulichukue wazo kama wazo, basi, bila kulifanya mali ya kabila. Likiwa kweli, usafi hauwezi kuwa sifa ya kitu kimoja kilichojitenga. Ni sifa ya mahusiano yake yote, pamoja na uhusiano wake na kile kilichoondolewa ili kiwe safi. Bia ni safi ikiwa kilichotiwa kinajulikana na masira yamewekwa mahali pasipomdhuru mtu. Toba ni ya kweli ikiwa aliyetubu anajua dhambi yake ilimwangukia nani, akamwendea. Kipimo hiki hakizuii usafi usiwepo. Kinauhamisha tu kutoka kwenye uso na kuuweka katika uwajibikaji, ambapo unaweza kuchunguzwa.

Biblia yenyewe, ambayo wahubiri wa Kolwezi huitumia kila Jumapili, haikuutukuza uangavu peke yake. Isaya anaahidi karamu ya divai iliyochujwa vizuri. Yeremia, akiizungumzia Moabu, anatumia mfano ule ule kwa hukumu: taifa lililotulia juu ya masira yake kama divai ambayo haijawahi kumiminwa kutoka chombo hadi chombo, likadhani utulivu ni wema. Juu kimiminika kimetulia, chini masira yapo, na siku ya kukitikisa chombo inakuja. Bonde la Musonoi lina parokia na lina mto wa masalia, na watu wale wale wanaishi kati ya vyote viwili.

Makasisi na wachungaji wa Lualaba hualikwa kuombea miradi. Atakayealikwa kuubariki mtambo mpya asikatae. Aende na maji yake ya baraka, atazame kile kimiminika cha buluu, kisha aombe apelekwe kwenye bwawa la tope, aulize ukuta wake una urefu gani, ni nani anaishi chini yake, na maji yanayovuja yanaingia mto gani. Akishajibiwa, na abariki.